Hamsta wa binti yangu kaamka anaburuta mguu wa nyuma: nini kimemvunja, na nimlaze wapi?

#1 Zabibu Kavu
Wakuu salaam. Nipo Ipagala, Dodoma. Binti yangu wa darasa la nne anafuga hamsta, yule mnyama mdogo kama panya asiye na mkia wa maana. Tulimnunua Dar kwa jamaa anayeuza ndege na samaki wa mapambo. Leo alfajiri tumemkuta amejikunyata kwenye kona ya keji, mguu wa nyuma wa kulia anauburuta. Damu hakuna. Paja limevimba, ukimgusa hapo anatoa mlio na kugeuka ang'ate. Chakula anakula, ila anakula akiwa amelalia ubavu.

Keji ni ya nyaya, ghorofa mbili, ina ngazi na kigurudumu cha nyaya cha kukimbilia. Inakaa juu ya meza sebuleni. Jana usiku tulimsikia akikimbia kama kawaida. Kuna paka wa jirani anayeingia dirishani, na sitaficha, panya wa darini nao wapo.

Naomba kujua: nini kimemvunja? Dawa gani? Na akae kwenye keji hiyo hiyo au nimhamishe? Duka la pembejeo za mifugo nililopita asubuhi wameniuliza kama ni kifaranga.

#2 Kiroboto wa Makole
Watu tunanunua sumu ya panya kwa pesa, mwenzetu ananunua panya kwa pesa. Makao makuu yana mambo.

#3 Mwana Swaswa
Bila picha uzi haujakamilika. Nimekaa paleee.

#4 Mama Pacha
Kiroboto acha dhihaka, kuna mtoto analia huko. Zabibu Kavu, pole kaka.

Kabla hujatafuta mchawi, mkalishe binti umuulize taratibu, bila ukali: jana alimtoa kwenye keji? Alimdondosha? Wanangu waliwahi kumdondosha sungura kibarazani, wakamrudisha bandani kimya kimya, sisi tukabaki kulaumu mbwa wiki nzima. Mtoto akiogopa fimbo hasemi. Na mnyama wa ukubwa huo akianguka kutoka kifuani kwa mtoto hadi kwenye sakafu ya vigae, huo ni mnazi kwake.

#5 Mchomelea
Mimi ni fundi grili, sijui lolote la wanyama, ila nyaya nazijua. Hicho kigurudumu cha nyaya ndicho kilichomvunja. Anakimbia kwa kasi, mguu unapenya katikati ya vijiti, gurudumu linaendelea kuzunguka, mwili unaenda na mguu unabaki. Ni hesabu ya kawaida. Ngazi ya nyaya ni hivyo hivyo.

Kitoe leo. Hata kama siyo chenyewe, kesho kitakuwa chenyewe.

#6 Daktari Ng'ombe
Nipo Bahi, kazi yangu ni ng'ombe na mbuzi, hivyo nichukulie kwa kiasi hicho. Ila mfupa ni mfupa.

Kwanza muangalie bila kumbana. Mtie kwenye bakuli la plastiki linaloonyesha, umtazame kwa chini. Kuna mambo yakiwepo usisubiri uzi, tafuta daktari wa mifugo leo leo: mfupa umetokeza nje ya ngozi; unyayo umekuwa mweusi au wa baridi kuliko mwingine; anaburuta miguu yote miwili ya nyuma (hapo fikiria uti wa mgongo); hakojoi; au amegoma kula. Hayo yasipokuwepo, dawa yake kubwa ni kutulia. Mifupa ya wanyama hawa inaunga haraka, wiki mbili hadi tatu, wengine zaidi kidogo.

#7 Baba Lao
Mnamzungusha bure. Nunua amoksilini ya vidonge vya rangi mbili, fungua kimoja, changanya na maji, mpe matone. Na Panadol kipande. Kesho anaruka.

#8 Mtabibu wa Kikuyu
ZABIBU KAVU USIFUATE POST #7. Samahani kwa herufi kubwa.

Amoksilini, ampisilini na jamii yote ya penisilini ni sumu kwa hamsta. Haimuui yenyewe moja kwa moja. Inafyeka bakteria wema wa utumbo, wanaobaki ni wale wabaya wanaotoa sumu, anaanza kuharisha na ndani ya siku chache amekufa. Klindamaisini na linkomaisini ni vile vile. Sungura na simbilisi nao wana tatizo hilo wakinyweshwa. Halafu post #1 inasema hakuna kidonda. Mguu uliovunjika bila kidonda hauhitaji antibayotiki ya aina yoyote, unatibu nini?

Kwenye Panadol fanya hesabu. Kidonge ni cha mtu wa kilo 60. Hamsta mkubwa ana gramu 120 hivi. Ni mara 500 chini ya huyo mtu. Kidonge utakigawa mafungu 500 kwa kisu gani?

#9 Baba Lao
Mimi kuku wangu wote nawapa na wanapona. Madaktari wa mtandaoni mna vitisho.

#10 Mtabibu wa Kikuyu
Kuku siyo hamsta, boss. Hata nanasi na pweza vyote vinaliwa.

#11 Zabibu Kavu
Asanteni. Nimemuangalia kama #6 alivyoelekeza. Mguu ni mmoja tu, unyayo una rangi ya kawaida, mfupa haujatoka. Anakojoa. Vidole vya mguu huo vinakunja nikivigusa kwa kijiti cha kiberiti.

Binti anasema hakumtoa kabisa jana. Mdogo wake wa miaka mitatu anasema "alimpa keki". Sijui nianzie wapi.

Kigurudumu nimekitoa. Kina upana kama wa kisahani cha chai.

#12 Mchomelea
Kisahani cha chai! Hapo mnyama anakimbia amepinda mgongo kama upinde. Kwa hamsta mkubwa, yule wa aina ya Syria, wanaojua wanasema kipenyo kisipungue sentimita 20, na njia yake iwe imezibwa, isiwe vijiti. Akipona njoo nikukatie kitako cha ndoo ya lita 10 nikiweke kwenye beringi ya skuta ya watoto. Kinazunguka bila kelele, bei tutaelewana.

#13 Chipukizi wa UDOM
Mimi naleta wazo lingine kabisa. Anakula nini? Maana kuna hamsta wanaodhoofu miguu ya nyuma kwa sababu ya lishe na kukosa mazoezi. Mfupa unakuwa mwepesi, kitu kidogo tu unavunjika. Huenda gurudumu halina kosa, kosa ni bakuli la chakula.

#14 Zabibu Kavu
Anakula alizeti na karanga. Shemeji analeta alizeti kutoka Singida, ipo gunia zima.

#15 Chipukizi wa UDOM
Ndiyo hiyo. Alizeti ni mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na hamsta akiwekewa mchanganyiko anachagua alizeti kwanza kama mtoto anavyochagua nyama. Chakula chake cha kila siku kiwe nafaka ndogo ndogo, na hapo Dodoma una bahati: uwele, mtama, ulezi, ngano kidogo. Alizeti iwe punje chache za kumbembelezea. Yai la kuchemsha kipande kama ukucha wa kidole, mara mbili hivi kwa wiki. Mboga kidogo: tango, karoti, mchicha. Usimpe kitunguu, kitunguu saumu, machungwa wala ndimu. Maharage mabichi makavu hapana kabisa.

#16 Mgogo Asilia
Kwa hiyo anakula uwele na mtama, mlenda tu ndio umebaki. Huyo ni Mgogo mwenzetu, mpeni kadi ya mkazi.

#17 Kiroboto wa Makole
Na zabibu je? Tusimnyime mkazi wa Dodoma zabibu.

#18 Chipukizi wa UDOM
Zabibu ina sukari nyingi. Kipande kidogo kisicho na mbegu, siku mojamoja. Akihifadhi kipande kibichi kwenye mashavu au kwenye shimo lake kinaoza, kwa hiyo uangalie anaficha wapi. Vile vifuko vya mashavuni vinafika mpaka mabegani.

#19 Bi Nkuhungu
Shikamooni wakubwa. Nimefuga hamsta tangu nikiwa Arusha, hapa Dodoma ninaye wa pili. Nizungumzie malazi, maana hapo ndipo wengi tunapoharibu, na wakuu mmekimbilia dawa.

Kaka Zabibu, hiyo keji ya ghorofa ihamishe mbali kwa sasa. Hamsta ni mpandaji mzuri na mshukaji mbaya. Anapanda nyaya mpaka juu, akifika anaachia tu. Mwenye mguu mzima anaumia, huyu wako atamalizia ule wa pili.

Tafuta beseni refu la plastiki au lile kontena la kuhifadhia nguo, lenye kuta laini asizoweza kupanda. Lisiwe kubwa sana kwa wiki hizi, kwa sababu hutaki atembee. Chini weka matandiko mafupi tu, ya kina cha vidole viwili, maana kwenye matandiko marefu atachimba na kuchimba kunatumia miguu ya nyuma. Juu yake chana tishu nyeupe zisizo na manukato. Nyumba yake iwe boksi la majani ya chai lililokatwa mlango mpana chini kabisa, asilazimike kuruka kizingiti. Chakula mmwagie karibu na mlango. Chupa ya maji ishushwe mpaka anywe akiwa amelala, au kifuniko kifupi cha chupa chenye maji kidogo, ubadilishe mara kwa mara.

Juu funika kwa wavu uliobana. Mimi nilikata dirisha kwenye mfuniko wa kontena, nikatoboa pembeni kwa msumari wa moto, nikashonea wavu kwa waya mwembamba. Wavu wa kuku usitumie, matundu yake anapita na mabega yake. Kwa hamsta mkubwa tundu lisizidi sentimita moja, wale wadogo ni chini ya hapo. Na ncha za waya zikunjie kwa nje. Wangu alijichana pua kwa ncha moja tu niliyoisahau.

#20 Mama Pacha
Bi Nkuhungu ubarikiwe. Hapo kwenye matandiko, si angeweka pamba tu? Laini, ya joto.

#21 Bi Nkuhungu
Hapana mama. Pamba na zile nyuzi laini zinazouzwa kama "kitanda cha hamsta" zinajiviringisha mguuni kama uzi wa kushonea mpaka damu haipiti. Akizimeza zinaziba utumbo. Kuna kesi nyingi za mguu kukatika kwa sababu hiyo. Hata kwenye mjadala huu, nani anajua? Kaka Zabibu, angalia kwa makini juu ya kifundo kama hakuna uzi umemkaba.

#22 Zabibu Kavu
Hakuna uzi. Ndani mlikuwa na maranda ya kwa seremala.

#23 Seremala wa Chang'ombe
Maranda ya mbao gani? Maana mengi yanayotoka kwetu ni msonobari wa kutoka Mafinga, na yana harufu ile kali ya utomvu. Nasikia wafuga sungura wanayakimbia.

#24 Mtabibu wa Kikuyu
Wanakimbia kwa haki. Harufu hiyo inaudhi mapafu ya wanyama wadogo, hasa yakiwa mabichi. Karatasi nyeupe zilizochanwa ni salama zaidi, na hazina vumbi. Vumbi la Dodoma lenyewe linatosha.

#25 Kiroboto wa Makole
Karatasi zilizochanwa nenda Mtumba, wizara zote zipo kule. Hamsta atalalia siri za serikali.

#26 Paka Shume
Mnapita pembeni ya jambo. Post #1 imesema KUNA PAKA ANAINGIA DIRISHANI. Paka anapitisha mkono kwenye nyaya, ananasa mguu, anavuta. Hamsta anavuta upande wake. Kwisha. Nimeona kwa kasuku wa mjomba, hivyo hivyo, mguu.

#27 Daktari Ng'ombe
Inawezekana, lakini kucha za paka zinaacha matundu. Zabibu Kavu puliza manyoya ya paja taratibu yaachane, utafute alama nyekundu ndogo kama za sindano. Ukiziona, mambo yanabadilika. Meno na kucha za paka zina bakteria wabaya, na hapo sasa antibayotiki inahitajika haraka, ya kuchaguliwa na daktari. Kuna zinazovumilika kwa hamsta, mfano enrofloksasini ambayo wafuga kuku mnaijua, lakini kipimo chake kinatokana na uzito uliopimwa. Ile sindano ya penisilini na streptomaisini ya ng'ombe isimguse. Ya kwanza ameshaeleza #8, na ya pili nayo ni hatari kwake.

Kidonda kikionekana, kioshe kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Spiriti usipake. Mshubiri usipake, ataulamba na utomvu wake unaharisha.

#28 Zabibu Kavu
Nimepuliza. Sioni tundu. Kuna sehemu moja manyoya yamepungua, ndogo kama punje ya ulezi, sijui ilikuwepo tangu zamani. Picha hiyo hapo.

#29 Mwana Swaswa
Hatimaye. Ana sura ya afisa utumishi.

#30 Mzee wa Kondoa
Punje ya ulezi ni jino la panya. Panya wa darini wanashuka usiku kufuata alizeti, wanamkuta mwenzao kafungwa, wanamng'ata kupitia nyaya. Nimefuga simbilisi miaka mingi, panya wa kawaida anakata vidole vya watoto wa simbilisi akiwa nje ya banda. Paka ana makosa yake, ila siyo hili.

Na hata kama siyo hili, panya wanakojolea chakula, wanaleta viroboto, na ukiweka sumu ya panya sebuleni hamsta anaweza kuila, au akaipata kwenye punje iliyoburutwa. Tega kwa mtego, usiweke sumu.

#31 Paka Shume
Mzee wa Kondoa unamtetea paka leo? Andika tarehe.

#32 Mama Pacha
Niulize na mimi. Aking'ata mtoto, vipi kichaa cha mbwa? Maana #1 amesema anageuka kung'ata.

#33 Mtabibu wa Kikuyu
Wanyama wadogo wa jamii ya panya ni nadra sana kukutwa na kichaa cha mbwa. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya waangalie kama chanjo ya pepopunda ipo sawa. Kwa sasa mtoto asimshike, mnyama mwenye maumivu hana urafiki. Akitakiwa kuhamishwa, aingie mwenyewe kwenye kikombe kikubwa kilicholazwa, ndipo unyanyue kikombe. Mkono usiwepo kabisa.

Na kama nyumbani kuna mjamzito, asisafishe keji. Hamsta wanaweza kubeba kirusi kibaya kwa mimba.

#34 Fundi Viungo
Kijiti cha kiberiti na plasta ya kitambaa, funga mguu unyooke. Nimefunga vifaranga kibao, wanatembea mpaka leo.

#35 Bi Nkuhungu
Kifaranga hana meno, fundi. Hamsta atatafuna plasta usiku huo huo, na akiikosa atatafuna mguu. Ukifunga kwa kubana uvimbe unaongezeka, damu inakwama, unyayo unakufa. Hata madaktari wengi wanaacha bila kufunga. Mguu ukishindikana kabisa unakatwa, na hamsta wa miguu mitatu anaishi vizuri tu, anakimbia, anaficha chakula.

#36 Fundi Viungo
Sawa mama. Basi mafuta ya kondoo.

#37 Bi Nkuhungu
Ya kupikia wali.

#38 Mpita Njia
Jamani hao si ndio wale wa SUA, chuo cha kilimo, wanaotegua mabomu? Yule aliyepewa medali Uingereza alikuwa hamsta, nakumbuka.

#39 Mzee wa Kondoa
Hapana. Yule ni Magawa, na alikuwa panya buku, mkubwa kama paka mdogo. Alifundishwa Morogoro pale SUA na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, akapelekwa Kambodia, akanusa mabomu ya ardhini 71. Medali ya dhahabu alipewa 2020, akafa Januari 2022. Wenzake wananusa kifua kikuu kwenye makohozi. Wanafanana na hamsta kwa vifuko vya mashavu tu.

#40 Kiroboto wa Makole
Panya wa Morogoro ana medali ya dhahabu, wa Ipagala anapewa keki na mtoto wa miaka mitatu.

#41 Mchomelea
Hiyo keki msiipuuze. Mtoto kumpa keki maana yake alifungua mlango wa keji. Akaufunga kwa nguvu. Mguu ulikuwa wapi?

#42 Mama Pacha
Nilisema mimi tangu #4.

#43 Chipukizi wa UDOM
Ulisema kudondoshwa, siyo mlango. Na jana usiku alikuwa anakimbia, #1 kasema. Mtoto wa miaka mitatu anatembea usiku wa manane?

#44 Mama Pacha
Huna watoto wewe.

#45 Mwinjilisti wa Mpwapwa
Huenda ni baridi tu. Julai hii Dodoma upepo unakata, na hamsta akipigwa baridi anaingia usingizi mzito kama mfu, viungo vinakakamaa. Msimzike kabla hamjampasha joto.

#46 Mtabibu wa Kikuyu
Usingizi huo upo kweli, na ushauri wa kutomzika haraka ni mzuri. Lakini kwa kawaida unahitaji baridi kali, kama nyuzi 5 hivi. Usiku wa Julai hapa ni nyuzi 13 au 14, na ndani ya nyumba ni zaidi. Halafu baridi haivimbishi paja moja. Hata hivyo beseni lisikae chini ya dirisha, na asiwekewe chupa ya maji ya moto atakayoshindwa kuikimbia. Kitambaa juu ya nusu ya wavu kinatosha.

#47 Mpita Njia
Wanatoka jangwani hao, Oktoba ndio watafurahi.

#48 Bi Nkuhungu
Oktoba ndiyo inayowaua. Hawa wa kufugwa karibu wote wametokana na familia moja iliyochimbwa shimoni karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930. Shimoni, siyo juani. Mchana wako chini kwenye ubaridi, wanatoka usiku. Wewe unamuweka chini ya bati lisilo na dari, nyuzi 31 nje na zaidi ndani. Kuanzia nyuzi 30 anaanza kulala kifudifudi, anahema kwa kasi, masikio yamelala. Mimi huweka kipande cha chungu kilichovunjika, kingo nimezisugua kwenye sakafu ya saruji zisikate. Mchana wote analala humo, udongo unakaa na ubaridi.

#49 Afisa Mkavu
Kwani una kibali cha kumiliki? Kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, wanyama hawaingii nchini kiholela.

#50 Zabibu Kavu
Mkuu, kazaliwa Dar huyu. Ana kitambulisho cha mjini kuliko mimi.

Mrejesho. Nimempata daktari wa mifugo anayehudumia mbwa, kakubali kumuona. Kampima kwenye mzani wa jikoni, gramu 118. Kamshika kwa ngozi ya shingo kwa ustadi sana, binti akashangaa. Kapapasa paja, anasema hasikii mfupa ukisagana, huenda ni ufa au goti limeteguka, bila eksirei hawezi kuapa, na eksirei ya mnyama wa ukubwa huo hapa mjini hana pa kunielekeza. Kampa tone la dawa ya maumivu, meloksikamu, kwa bomba dogo la sindano. Amesema apimwe uzito kila siku muda ule ule, akishuka nimrudishe. Antibayotiki hakutoa.

Nilipomuuliza kilichosababisha, kasema "chochote."

#51 Kiroboto wa Makole
Umelipa ngapi kwa jibu hilo?

#52 Daktari Ng'ombe
Kajibu vizuri. Ndiyo mtu anayejua kazi.

Zingatia uzito. Mnyama wa gramu 118 akipoteza gramu 10 ni sawa na mtu wa kilo 60 kupoteza kilo tano. Akisita kula, mpe uji laini wa mtama usio na sukari kwa bomba, pembeni ya mdomo, matone, usimsukumie kooni. Maziwa hapana.

#53 Sisimizi
Mmesahau jina langu. Mnyama aliyelala, chakula kimemwagwa karibu, uji unadondoka: sisimizi watamfuata. Nimepoteza vifaranga hivyo. Weka beseni juu ya stuli, miguu ya stuli itie kwenye makopo yenye maji na sabuni kidogo, kama bibi zetu walivyofanya kwa kabati la chakula. Na stuli isiguse ukuta wala pazia.

#54 Bi Nkuhungu
Hili nilikuwa sijaliandika na ni la msingi. Asante.

#55 Mchomelea
Tuzungumze nyumba ya kudumu sasa. Bi Nkuhungu, akipona eneo liwe kiasi gani? Nataka kupiga hesabu ya alumini na kioo.

#56 Bi Nkuhungu
Madaktari wa wanyama Ujerumani wanataka angalau sentimita 100 kwa 50, kimo 50. Matandiko kina cha sentimita 20 na zaidi upande mmoja achimbe. Hakuna ghorofa. Mfuniko wa wavu wenye kitasa. Na awe peke yake, hamsta wa Syria wawili wazima kwenye nyumba moja ni mauaji.

#57 Mgogo Asilia
Mita moja kwa nusu! Nilipanga chumba Chang'ombe kidogo kuliko hicho.

#58 Mwana Swaswa
Nakumbuka hicho chumba.

#59 Zabibu Kavu
Wakuu, jipya. Uvimbe umepungua, anakanyaga kwa ncha ya vidole, uzito haujashuka. Yupo kwenye beseni juu ya stuli, makopo ya maji yote manne. Ila leo nimeisafisha ile keji ya zamani niiuze, nimekuta kitako chake cha plastiki kina alama za meno. Pembeni, chini ya mlango.

#60 Mzee wa Kondoa
Kwa ndani au kwa nje?

#61 Zabibu Kavu
Kwa nje.

#62 Mzee wa Kondoa
Hoja yangu imefungwa.

#63 Mchomelea
Haijafungwa. Meno yake mwenyewe akining'inia mlangoni yanaweza kufika nje. Piga picha, weka rula pembeni, na unionyeshe kile kigurudumu kama kijiti chochote kimepinda.

#64 Paka Shume
Na dirisha lina wavu?

#65 Zabibu Kavu
Lina wavu wa mbu. Umetoboka kona moja.

#66 Paka Shume
Haya sasa.

#67 Mama Pacha
Muulizeni yule wa miaka mitatu keki aliitoa wapi.

#68 Mdau Mpya
Nimesoma uzi wote. Hiyo keji unauza bei gani? Nina kasuku.